Gari linalegea likipata joto: tafuta chanzo kabla ya kufunga spesa au baipasi

Asubuhi gari ni jepesi. Saa nane mchana, hapa Mwanza, ukitoka Nyegezi na kukwama kwenye foleni ya Mkuyuni, ukikanyaga mafuta linasita, linavuta kwa uzito, na ukipanda Bugando unalazimika kurudisha gia. Ukimweleza fundi, mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili: funga spesa (kipande cha kuzuia joto) chini ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, au fanya baipasi, yaani kata maji yanayopita kwenye throto bodi, mlango wa hewa ya injini. Dawa hizi mbili ni za kweli, lakini zinatibu ugonjwa mmoja tu. Wengi wanaozinunua hawana ugonjwa huo, na baadaye wanabaki na gari linalegea vilevile huku sailensa nayo (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta) ikiwa imeharibika.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Hewa ikishapita filta inaingia kwenye throto bodi, kisha kwenye manifodi, kisha kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Hedi ina moto, na manifodi imefungwa juu yake kwa bolti, kwa hiyo joto linapanda kupitia chuma. Throto bodi nayo, kwenye magari mengi, ina njia ndogo ya maji ya injini yenye nyuzi 85 hadi 95. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako unyevu wa hewa huganda kwenye kipepeo cha throto na kukifanya kinate. Spesa inazuia joto linalotoka hedi, na baipasi inaondoa joto linaloletwa na maji. Kama hewa imeshakuwa ya moto kabla ya kufika hapo, spesa na baipasi hazitakusaidia.

Hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani? Hewa ikipanda nyuzi 10, uzito wake kwa ujazo uleule unapungua kwa takriban asilimia 3, na nguvu ya injini inashuka karibu kwa kiasi hicho. Joto likizidi, kompyuta ya injini inarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi ili kuzuia kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda), na hapo unapoteza tena. Kuna jambo jingine ambalo madereva wanaotoka Dar es Salaam hawaambiwi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo iliyozoea Kigamboni ikifika Kirumba itakuwa nzito kidogo saa zote, hata alfajiri. Huo ni mwinuko wa mahali, na spesa haiwezi kuuondoa.

Pima kwanza

Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu kinatosha, pamoja na kipimajoto cha kuelekezea, kile chenye taa nyekundu. Soma joto la hewa inayoingia mara tatu: gari likiwa limelala usiku kucha, likiwa limesimama linaunguruma kwa dakika 15 mchana, na likiwa linatembea kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyo wazi, kwa mfano ukishapita Usagara kuelekea Misungwi. Asubuhi namba iwe sawa na joto la nje. Ikipishana nayo sana, sensa ndiyo mgonjwa wako na kazi imeisha. Ukiwa kwenye mwendo, namba ikizidi joto la nje kwa nyuzi 5 hadi 15 ni kawaida. Gari likisimama inapanda sana, na inayofikia 60 si ya ajabu. Kinachotakiwa ni ishuke upesi ukishaanza kutembea.

Hapa kuna mtego mkubwa. Kwenye Toyota nyingi, sensa ya joto la hewa iko pamoja na sensa ya kupima hewa, pale karibu na boksi la filta. Sensa hiyo iko mbali na manifodi. Ukifunga spesa, namba kwenye simu haitabadilika, na atakayekuonyesha kwamba imeshuka kwa sababu ya spesa anakuonyesha upepo wa siku hiyo. Kwenye Honda nyingi za miaka ya 1990, sensa iko ndani ya manifodi yenyewe, na hapo namba ina maana. Kwa gari lenye sensa kwenye boksi la filta, elekeza kipimajoto kwenye mwili wa manifodi, mahali palepale kila mara. Alumini inayong'aa hudanganya kipimajoto cha aina hii, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na upime juu yake.

Dalili: linalegea kwenye foleni, likitembea dakika mbili linarudi

Hii ndiyo dalili ya kweli ya hewa ya moto, na mara nyingi chanzo chake kiko mbele ya gari. Fungua boneti ufuate njia ya hewa kwa mkono, kuanzia mdomo wake hadi boksi la filta. Magari mengi yaliyotumika yanafika hapa bomba la mbele likiwa limevunjika, au linavunjika siku taa inabadilishwa na halirudishwi. Bomba hilo ndilo linalovuta hewa ya nje kutoka nyuma ya taa au juu ya rejeta. Likikosekana, boksi linavuta hewa iliyokwisha pita kwenye rejeta. Vivyo hivyo kwa filta ya koni iliyo wazi, inayopendwa kwa mlio wake: ikikaa ndani ya boneti bila ukuta wa kuitenga inakunywa hewa ya moto, na gari linakuwa zito kuliko lilivyokuwa na boksi la kiwandani. Rudisha boksi na bomba lake. Ukipata la mtumba lililo zima, limekurudishia zaidi ya spesa yoyote.

Kisha angalia mbele ya rejeta. Sisi wa kando ya ziwa tuna tatizo ambalo vitabu vya magari havilitaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi. Gari linalopita mara kwa mara barabara ya kando ya maji linawakusanya kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki. Wakikauka wanachanganyika na vumbi na kuwa kama mkeka. Maji ya injini yanakaa juu zaidi, feni haipumziki, na hewa yote chini ya boneti inakuwa ya moto. Legeza kondensa isogee kidogo, kisha osha kwa maji yasiyo na nguvu sana kutokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu inalaza mapezi ya rejeta, na hapo umejiongezea tatizo. Filta ya hewa pia itazame, nayo hukusanya wadudu haohao.

Angalia feni kama inawaka kwa spidi zote mbili, na kama mipira na plastiki za pembeni mwa rejeta bado zipo. Angalia pia kinga ya chini ya injini. Ikiwa imeng'oka, mpangilio wa hewa unaotakiwa kuvutwa kupitia rejeta unavurugika.

Thamostati iliyoondolewa (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) inastahili maneno yake. Ni desturi ya gereji nyingi kuing'oa gari likianza kuchemsha. Injini inapoa mno ukiwa safarini, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba gari halijapata moto, na siku ya foleni rejeta ileile iliyoziba inachemsha tena. Vipimo vyako vyote vya joto vitakuwa vya uongo mpaka irudi. Rudisha thamostati ya nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako (Toyota nyingi ni karibu na 82), halafu ndipo uanze kupima.

Na kama gari linachemsha, usiguse throto wala manifodi. Baipasi ya throto haipozi injini. Mwinuko wetu unafanya maji matupu yachemke kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kina madhara makubwa zaidi hapa kuliko Tanga. Anza na kifuniko, kulanti (maji maalum ya kupozea injini), pampu ya maji na gasketi ya hedi.

Dalili: umezima dakika 20, ukiwasha linakuwa zito au linagonga

Mfano mzuri ni kivuko cha Kamanga. Umefika ukiwa umetembea, umezima, jua linapiga boneti, kivuko kinavuka, kisha unawasha na kupanda kutoka gatini. Injini ikizimwa, feni na pampu ya maji vinasimama, na joto lote la chuma linapanda juu, kwenye manifodi na throto. Dakika 15 hadi 30 baada ya kuzima ndipo manifodi huwa na moto kuliko wakati wowote wa safari. Ukipima manifodi ya alumini wakati huo ukakuta inakaribia joto la hedi, na gari linarudi sawa baada ya kilomita moja au mbili, hapo spesa na baipasi zina kazi ya kufanya.

Sababu yake ni muda. Chukua injini ya lita 2 yenye manifodi ya lita 4. Kwenye sailensa ya mizunguko 700 kwa dakika, hewa inakaa ndani ya manifodi kama theluthi ya sekunde. Kwenye mizunguko 6,000, inapita kwa sehemu 4 tu za mia za sekunde. Hewa inayokimbia namna hiyo haipati nafasi ya kuchukua joto jingi ukutani. Ndiyo maana anayetarajia kasi kubwa barabara ya Shinyanga kwa sababu ya spesa atavunjika moyo, na anayeteseka kwenye foleni ya Buzuruga na Igoma ataona nafuu.

Kama shida ni gari kukataa kuwaka likiwa la moto, usinunue spesa. Tafuta nozeli (kinyunyizio cha petroli) inayovujisha, mgandamizo wa mafuta unaoshuka ukizima, au sensa ya krenki (mhimili mkuu wa injini) inayokufa kwa joto.

Na gari lililo zito saa zote, asubuhi kwa jioni, halina ugonjwa wa joto la hewa. Pima pampu ya mafuta, plagi, koili, na eksozi iliyoziba.

Ukiamua baipasi

Ni kazi ndogo, na kwa hali ya hewa ya hapa haina hatari ya kuganda. Injini iwe ya baridi kabisa. Tafuta hosi mbili ndogo zinazoingia na kutoka kwenye throto bodi, uzichomoe, uziunganishe moja kwa nyingine kwa kiungo cha shaba cha kipenyo sawa na klempu mpya mbili. Au toa zote mbili, uweke hosi moja ndefu ya kulanti. Iwe hosi ya kulanti kweli. Mpira wa bustani unalainika kwa joto la injini, na siku ukipasuka utamwaga maji yote njiani. Hosi isipinde ikajibana, na isiguse eksozi.

Unganisha, usizibe. Kwenye injini nyingi njia hii ndogo husaidia maji kuzunguka thamostati ikiwa bado imefunga, na kwenye baadhi ndiyo inayotoa hewa iliyonaswa juu. Ukiziba pande mbili umeondoa kazi hiyo.

Baada ya hapo, matatizo yanayojitokeza ni machache na yana sura zinazojulikana. Geji ya joto ikipanda na kushuka, au hita ikitoa hewa ya baridi, kuna hewa ndani ya maji. Injini ikiwa imepoa, elekeza pua ya gari mlimani, fungua kifuniko, washa, weka hita kwenye joto la juu, na ujaze taratibu mpaka mapovu yaishe. Usijaze maji ya ziwa wala ya kisima. Yanaleta tope na kutu kwenye njia nyembamba.

Sailensa ikibaki juu, tuseme mizunguko 1,500, na haishuki hata gari likipata moto, umekata maji yanayolisha vali ya nta. Injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina vali inayofungua hewa ya ziada asubuhi, kisha nta ndani yake inapashwa na maji na kuifunga. Bila maji ya moto haifungi kamwe. Dawa ni kurudisha hosi. Wapo wanaoziba vali hiyo kwa mkono na kusumbuka kila asubuhi gari linapokataa kukaa kwenye sailensa, na mimi sioni faida yake. Kwenye injini ya namna hiyo, acha maji yapite.

Karibureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kwenye injini za zamani, ni suala jingine kabisa. Ndani yake petroli inageuka mvuke na kunyonya joto jingi, na kwenye hewa yenye unyevu kama yetu barafu inaweza kujitengeneza hata nje kukiwa na nyuzi 20. Usiikatie joto. Dizeli nayo iache, nguvu yake haitawaliwi na kipepeo cha throto kama petroli.

Ukiamua spesa

Kwanza gonga manifodi kwa kucha. Kama ni ya plastiki, kama kwenye injini za 1NZ za IST na Probox, rudisha pesa mfukoni. Plastiki yenyewe ndiyo spesa, na kiwanda kimeshaifanya kazi hiyo. Spesa ina maana kwenye alumini: injini kama 3S-FE na 1JZ-GE za Toyota, na EJ20 nyingi za turbo za Subaru.

Pili, ni spesa ya nini? Zinazouzwa za alumini inayong'aa zinapitisha joto kama manifodi yenyewe, kwa hiyo usitegemee zipoze chochote. Inayofaa ni ya bakelaiti, ile ya tabaka za karatasi au kitambaa na gundi ngumu, ambayo inapitisha joto kwa kiwango cha mamia ya mara chini ya alumini. Na mahali pake ni kati ya manifodi na hedi, kwa sababu huko ndiko joto jingi linakotoka. Spesa ya kati ya throto na manifodi haizuii hilo. Nimeona pia spesa zilizokatwa kwenye ubao mweupe wa plastiki wa jikoni. Plastiki ile inalainika na kubonyea kadiri inavyopata moto, bolti zinalegea zenyewe, na hewa inaanza kuvuja. Usikubali, hata kama ni bei ya soda.

Kabla ya kufungua, hesabu unene wa spesa kwa kila kitu kitakachosogea: boneti, mabano ya chini ya manifodi, waya wa mafuta, bomba la petroli, bomba la moshi unaorudishwa kama lipo. Milimita 8 ni nyingi ukikuta mabano hayafiki tena, na fundi akiyaacha bila kuyafunga, mtetemo utaipasua manifodi. Kama nozeli ziko kwenye hedi na reli yake imefungwa kwenye manifodi, hesabu mara mbili. Kama manifodi ina njia ya maji ndani yake, spesa lazima iwe na tundu hilo na gasketi yake, vinginevyo maji yataingia kwenye silinda.

Bolti ziongezwe urefu sawa na unene wa spesa. Bolti ya milimita 8 ishike angalau milimita 12 za nyuzi za skrubu kwenye alumini. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba ya kitabu cha injini yako. Bakelaiti ikibanwa kupita kiasi inapasuka, na ufa wake hauonekani mpaka uitoe.

Dalili baada ya spesa: sailensa inapanda na kushuka, au kuna mluzi

Umeongeza maungio mawili pale palipokuwa na moja, kwa hiyo shuku hewa inayovuja kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa, taa ya cheki injini itawaka na kodi (namba ya hitilafu) P0171, yaani hewa nyingi kuliko mafuta, na marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza) yatazidi asilimia 10 kwenye sailensa, kisha yatashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500. Mwenendo huo ni wa uvujaji wa hewa. Kwenye gari linalopima mgandamizo wa manifodi badala ya hewa, uvujaji unajionyesha zaidi kwa sailensa iliyo juu, wakati mwingine na kodi P0507, kwa sababu kompyuta inaiona hewa ya ziada na kuipa mafuta.

Kutafuta mahali, tumia chupa ya kupulizia maji matupu kwenye maungio, kidogo kidogo, ukikwepa koili na soketi za umeme. Sailensa ikibadilika, umepafikia. Wengi wanapuliza dawa ya kusafishia karibureta. Inafanya kazi, lakini inawaka moto, na manifodi nyingi ziko jirani na waya za plagi. Kama silinda moja tu ina misi (haiwaki sawasawa), kodi P0301 kwa mfano, angalia mdomo wa silinda hiyo: gasketi imeingia ndani ya tundu au spesa haikukaa sawa. Tundu la spesa likiwa dogo kuliko la hedi linaunda ngazi inayovuruga hewa. Lichongwe lilingane.

Wenye Forester za turbo, kabla ya yote haya inueni boneti mtazame mpira unaoziba kati ya tundu la boneti na intakula (kipozeo cha hewa ya turbo). Ukikosekana, upepo wa mbele unapita pembeni, na intakula iliyokaa juu ya injini inabaki inapashwa kutoka chini.

Baada ya kuendesha siku chache na injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, kaza tena bolti za spesa injini ikiwa ya baridi, kisha rudia vipimo vyako saa ileile ya mchana na kilima kilekile. Hosi na klempu za zamani ziweke kwenye mfuko ndani ya gari. Siku ukiliuza likaenda Makete au Njombe, ambako mwezi Juni na Julai kuna asubuhi za baridi ya kuganda, mwenye gari mpya atahitaji kurudisha maji kwenye throto.